Mfasiri wa Ghala la Karanga

Kihindi sikijui. Naanza na hilo kwa sababu kuna watu Mpwapwa, wengine sasa wana wajukuu, ambao mpaka leo wangekula yamini kwamba nakijua, na kosa ni langu. Nilizaliwa Dodoma mjini, uani nyuma ya duka la vitambaa la Mhindi mmoja, ambako baba yangu alikuwa akishona suruali barazani. Katika miaka yote niliyoishi uani pale niliokota kuhesabu mpaka kumi na mbili, neno la maji, neno la haraka, na tusi moja ambalo nililijaribu mbele ya mwenye duka nikazabwa kibao. Baadaye sana nikaja kuambiwa kwamba hata hayo machache hayakuwa Kihindi. Yalikuwa Kigujarati.

Nilipokwenda Mpwapwa kusomea mifugo ilikuwa ile miaka ya ruksa, vitu vilivyokuwa vimepotea madukani vimeanza kurudi kimoja kimoja: sabuni za kunukia, mitumba, redio za kaseti. Niliwaambia wenzangu kwamba nimekulia kwa Wahindi. Sikusema uongo, niliwaachia tu wamalizie wenyewe. Nilikuwa na haja kubwa ya sifa, maana nilikuwa mtoto wa mjini kati ya vijana waliokua na ng'ombe, na ng'ombe nilikuwa nawaogopa. Wenzangu walimkamata dume pembe kama mtu anayeshika usukani wa baiskeli. Mimi nilijitolea kushika daftari la kuandikia uzito wake, na nililishika nikiwa upande wa pili wa ua.

Niliishi chumba kimoja na kijana wa Busi, kule Kondoa, ambaye ndiye rafiki ninayetaka kumzungumzia. Alikuwa mtu wa maneno machache, aliyesikiliza kila anachoambiwa kama vile ataulizwa kesho yake. Mama yake alifariki yeye akiwa mdogo, akalelewa na baba na shangazi. Baba yake aliuza maksai wawili wa kulimia ili yeye aje kusoma, na hilo alinieleza usiku wa kwanza kabla hata hajaniambia anapenda kulala upande gani wa chumba. Tangu hapo nikajua kwamba mwenzangu anasoma na maksai wawili mgongoni.

Zamani ukimaliza chuo serikali ilikupangia kituo kabla hujafungasha godoro lako. Sisi tulipomaliza tuliambiwa twende nyumbani tukasubiri, ajira zimesimama, na hata waliomo makazini wanapunguzwa. Mimi nilipokea habari hizo kwa unafuu, kwa kuwa ziliniondoa kwenye ng'ombe. Mwenzangu alikonda. "Nitamwambia nini baba?" akawa ananiuliza. "Maksai wamekwenda, na mimi narudi kumsaidia kushika jembe la mkono." Alikuwa na njia mbili, kurudi Busi kama alivyo au kwenda Dodoma kutafuta chochote. Wiki nzima sanduku lake lilikaa mlangoni limefungwa, naye hajui alibebe kuelekea wapi.

Jumamosi ya wiki hiyo tulikwenda kutazama sinema.

Mfanyabiashara mmoja alikuwa ameleta televisheni, deki na jenereta, akaviweka katika ghala lililokuwa likihifadhi karanga. Harufu ya karanga haikuwa imetoka, na ukikaa chini ulinyanyuka na maganda matakoni. Kanda zake nyingi zilikuwa za Kihindi, na kwa kuwa watu walitaka kujua nini kinasemwa, alihitaji mfasiri wa kusimama kando ya televisheni na kueleza. Wenzangu walinisukuma mbele. Ningeweza kukataa. Jumamosi hiyo nilikuwa naifanya kazi hiyo kwa mwezi wa pili, bila malipo, kwa soda moja na kwa raha ya kuitwa Mfasiri njiani na watu wazima.

Nitaeleza nilivyokuwa nikifanya, wenzangu wenye tabia kama yangu wajifunze. Unatazama sura. Mwenye kukunja uso ana hasira, mwenye kuimba anapenda, anayetetemesha mdomo amefiwa au atafiwa. Mengine unajaza. Filamu ya siku ile ilikuwa ya kuchekesha, yenye nyimbo nyingi: kijana wa tajiri anatoroka nyumbani kwa sababu anataka kuimba, anajifanya mpishi katika nyumba ya mwalimu wa muziki, hajui kupika hata maji, na kinanda chake anakificha ndani ya pipa la unga ili akipige wenye nyumba wakitoka. Anampenda binti wa mwalimu. Mpaka hapo nilikuwa sawa, hata mbuzi angeelewa. Ila ndani yake mlikuwa na bonge la mtu aliyekuwa kila mara akitumbukia bwawani, nami nikawaambia watu kwamba ni karani wa kununua mazao. Kila alipozama wakulima walisimama kushangilia. Palikuwa na bwana mwenye mkoba mweusi, nikamfanya askari kanzu, na mkoba wake nikautia pingu. Kuhusu wimbo wa jikoni niliwaeleza kwamba kijana anasema moyo wake unachemka kama sufuria juu ya mkaa, na akina mama walivuta pumzi kwa pamoja.

Kisha ikaja sehemu ambayo baba wa kijana, mzee mwenye masharubu meupe, anamgundua mwanawe akiwa na aproni na unga usoni. Wanatoka nje. Kanda ilikuwa imechoka, picha ina chenga kama mvua, lakini mkono wa yule mzee ulionekana vizuri ukinyoosha kidole kuelekea getini. Sauti yake ilikuwa nzito. Nilijua mara moja kwamba anamfukuza. Nilijua pia kwamba ghala zima limenyamaza linanisubiri mimi. Nikashusha sauti kama mhubiri nikasema: "Mwanangu, usinirudie hivi hivi. Siku utakayokuwa na kitu cha kunionyesha, ndipo uje."

Nikasikia watu wakipenga kamasi. Sijawahi kufanikiwa namna ile tena maishani.

Asubuhi yake mwenzangu alibeba sanduku akapanda basi la Dodoma. Aliniaga kwa maneno yale yale. "Siku nitakayokuwa na kitu cha kumwonyesha," akasema, nami nikampa mkono na kumwambia ameamua kiume.

Dodoma tulikutana tena baada ya miezi michache. Mimi nilipata ukarani katika ofisi moja ya serikali ambako mpaka leo kazi yangu ni kuandika mihtasari ya vikao, yaani kunakili maneno ya watu kama walivyoyatamka bila kuongeza langu. Sitasema zaidi juu ya hilo. Yeye aliuza mitumba chini, kisha mezani, kisha serikali ilipowaachia watu binafsi biashara ya dawa za mifugo akafungua duka, na elimu yake ikapata kazi hatimaye. Alioa. Alijenga Area D, mtaa wa hapo hapo Dodoma, nyumba ya vyumba vitatu. Busi hakwenda.

Alikuwa akituma vitu kwa watu wanaokwenda Kondoa, sukari, blanketi, sabuni, na barua. Majibu yalikuja kwa mwandiko wa mwalimu wa jirani, kila mara yakianza kwa kusema kwamba wao ni wazima na hofu ni kwake yeye aliye mbali. Kwenda mwenyewe, alisema bado kidogo. Kwanza apaue. Akapaua. Aweke umeme. Akaweka. Basi ajaze duka vizuri, asije akaonekana mtu wa kubabaisha. Mkewe, mwanamke wa Singida mwenye ulimi mwepesi na moyo mzuri, alikuwa hajawahi kumwona baba mkwe wake. Ndoa yao ilisimamiwa na baba mdogo. Kila alipomsumbua mumewe juu ya safari, alijibiwa, "Unajua yule mzee kwenye filamu alivyosema," kisha mume alinigeukia mimi, shahidi, nami nikatikisa kichwa kukubali.

Nisifiche nilivyojisikia nyakati zile. Nilijisikia vizuri. Ni watu wangapi wametunga sentensi moja ikanukuliwa miaka kumi na miwili mfululizo? Nilikuwa nikiisikia kinywani mwake nasema moyoni, imekaa vizuri hii, pale penye "ndipo uje". Kwamba kulikuwa na mzee wa kweli huko Busi ambaye sentensi hiyo ilikuwa imemfungia mwanawe nje ya nyumba yake, wazo hilo lilikuwa likinipitia, nikilipisha kama mtu anayempisha mwenye haraka njiani.

Ndipo zikaingia deki za CD. Jumapili moja mchana rafiki yangu alinipigia simu kutoka simu ya jirani, sauti imechangamka isivyo kawaida yake. Alikuwa amepita sokoni akaona kwenye meza ya muuza CD sura ya yule bonge la mtu, amelowa. "Nimeipata," akasema. "Ile yetu. Njoo."

Nilikwenda kwa miguu ili nichelewe. Nilipofika, viti vilikuwa vimepangwa, chai iko kwenye chupa, na karanga za kukaanga zimewekwa kwenye sahani, kwa ukumbusho, alisema mwenyewe. Nikachukua ganda la ile CD nikaligeuza. Nyuma paliandikwa kwamba ina maandishi ya Kiingereza chini ya picha.  Rafiki yangu Kiingereza anakisoma, lakini miaka ile macho yake yalikuwa yameanza kukataa herufi ndogo, na kwa bahati yangu miwani aliisahau dukani. Mkewe Kiingereza hakukisoma. "Shemeji," akaniambia huku akinimiminia chai, "leo nami nikusikie. Tufasirie kama zamani."

Nikafasiri. Maandishi yalikuwa yakipita, na kila mstari ulikuwa ukinivua nguo. Yule bonge hakuwa karani wa mazao hata kidogo. Alikuwa mjomba wa binti, anaumwa kwikwi, na watu wanamsukuma bwawani ili ashtuke apone. Bwana wa mkoba mweusi alikuwa daktari wa kwikwi hizo. Ule wimbo wa jikoni uliowafanya akina mama wa Mpwapwa wavute pumzi ulikuwa unalalamikia bei ya vitunguu. Nilijikuta nikichanganya, nikisoma mapya na kuyapinda yafanane na ya zamani, askari kanzu mwenye elimu ya udaktari, karani wa mazao ambaye pia ni mjomba wa mtu. Shemeji alicheka mpaka akaweka kikombe chini. Rafiki yangu alitabasamu tu, akitikisa kichwa kama mtu anayesikiliza wimbo wa ujana wake. Nilianza kuamini nitaponea chupuchupu.

Ikaja sehemu ya baba. Picha sasa ilikuwa safi, haina chenga hata moja. Mzee wa masharubu akatoka nje na mwanawe, akanyoosha kidole getini, na kabla hajafungua mdomo rafiki yangu akaanza kuyasema maneno yangu kwa sauti ya chini. Mimi nikayasoma maandishi. Nikayaelewa. Nikafungua mdomo nikasema: "Mwanangu, usinirudie hivi hivi. Siku utakayokuwa na kitu cha kunionyesha, ndipo uje." Tulimaliza pamoja, yeye na mimi, kama watu wanaosali.

Ulikuwa woga mtupu. Nimejaribu kuutafutia jina jingine nikashindwa.

Shemeji alikuwa ameacha kucheka. Macho yake yalikuwa kwenye picha, ambako yule mzee, kidole kimeshashuka, alikuwa akimpangusa mwanawe unga shavuni na kumtengeneza kola ya shati. Kwenye kanda ile ya zamani chenga zilikuwa zimefunika yote hayo. "Shemeji," akasema taratibu, "mbona anamtengeneza kola mtu anayemfukuza?"

 Rafiki yangu alichukua rimoti akarudisha nyuma. Akasogeza kiti mpaka karibu na kioo, akakunja macho, hakuona kitu. Akanigeukia. "Nisomee," akasema. "Usifasiri. Soma kilichoandikwa."

Nikasoma, kwanza kwa Kiingereza chao, kisha kwa Kiswahili, kwa sauti yangu ya kusomea mihtasari. "Unaliona lile geti? Tangu uondoke nimemkataza mlinzi kulifunga. Njoo siku yoyote. Njoo hivyo hivyo ulivyo."

"Tena," akasema. Nikasoma tena.

"Sasa ile nyingine uliitoa wapi?"

"Kichwani."

"Kihindi ulikuwa hukijui."

"Sikukijua."

"Hata kidogo?"

Nikamwambia ninajua kuhesabu mpaka kumi na mbili, na hiyo ni lugha nyingine. Nikamwambia niliona kidole nikadhani mzee anafukuza, na kwamba nilitaka watu walie. Nilipolisema hilo la mwisho nilisikia lilivyo dogo.

"Mimi nililia," akasema.

Nilikumbuka. Nilikuwa nimemwona kwa pembe ya jicho siku ile, ukutani, akijifuta kwa mkono wa shati, na nikaihesabu kuwa ni sifa yangu.

Akazima televisheni kabla filamu haijaisha. Hakunitukana, ingawa ningependelea anitukane. Alikwenda uani, tukasikia bomba likifunguliwa na kufungwa, akarudi uso umelowa. "Jumamosi tunakwenda Busi," akamwambia mkewe. Kisha kwangu: "Na wewe utakwenda. Utamweleza mwenyewe."

Barabara ya Kondoa enzi hizo ilikuwa vumbi tupu, na kutoka Kondoa tulipanda lori. Njia nzima nilikuwa natunga hotuba ya kuomba radhi. Ilikuwa nzuri, ina mwanzo na mwisho, na mahali fulani katikati nilipanga kunyamaza kidogo. Ndiyo, nilijifumania nikipanga mahali pa kunyamaza. Rafiki yangu alikuwa amevaa koti lake la kijivu, miguuni ameweka vitu vya miaka kumi na miwili: godoro, redio mpya, taa, chupa ya chai, kanzu mbili zenye nakshi shingoni alizozichagua kwa siku tatu.

Tulimkuta mzee amekaa kwenye kigoda mbele ya nyumba, juani. Rafiki yangu alisimama hatua chache mbele yake, vitu vyote mikononi na begani, akasubiri aonekane. Mzee hakunyanyua uso. Aligeuza sikio.

"Shikamoo baba," akasema rafiki yangu.

"Sema tena," mzee akasema.

"Shikamoo baba."

Mzee akanyoosha mikono miwili mbele, mahali ambapo hakuna mtu. Macho yake yalikuwa meupe kama maziwa. Shangazi alitueleza baadaye, jikoni, kwamba yalianza mwaka wa tatu tangu mwanawe aondoke, likaanza moja, na mzee alimkataza yule mwalimu kuandika habari hiyo barua zote zile. Hakutaka mwanawe aje kwa kuitwa na ugonjwa. Alitaka aje kwa kupenda kwake. Rafiki yangu aliviacha vitu vyote vikaanguka mchangani, chupa ya chai ikavunjika ndani kwa ndani tukasikia, akaenda kupiga magoti mbele ya ile mikono.

Walizungumza kwa Kirangi muda mrefu. Shemeji aliitwa, akasalimia kwa magoti, akashikwa mkono asiachiwe upesi. Mimi nilisimama na hotuba yangu. Nilisikia sauti ya rafiki yangu ikieleza, nikamwona mzee akigeuza sikio upande wangu, nikajua zamu yangu imefika. Nikasogea, nikaamkia, nikaanza: "Baba, mimi ndiye niliyekukosea."

Mzee alinikatiza. Kiswahili chake kilikuwa cha pole pole, cha mtu anayelichagua kila neno kabla ya kuliweka chini. "Mwanangu ananiambia wewe kazi yako ilikuwa kusimama kando ya picha na kuwaeleza watu."

"Ndiyo, baba."

"Basi nieleze. Huyu yukoje siku hizi?"

Aibu ya yote ni kwamba sentensi ilikuja palepale, imeshakamilika: kijana mrefu, imara, uso unang'aa kwa afya na heshima. Ilikuwa mdomoni. Nikamtazama rafiki yangu pale chini, naye hakunitazama. Nikaimeza.

"Ana kitambi, baba," nikasema. "Amevaa koti la kijivu, vifungo havikutani. Jino moja la mbele, juu, halipo. Chini ya macho pamevimba kidogo, nadhani halali vya kutosha. Na ana kipara, kimeanzia mbele kimefika nyuma."

Shangazi alicheka kwa pua huko mlangoni. Mzee hakucheka. Alitafuta kichwa cha mwanawe kwa mkono, akakipata, akakipapasa kwa kiganja kutoka kwenye paji la uso mpaka kisogoni, kisha akarudia.

"Alipoondoka hapa," akasema, "alikuwa na nywele."